Kumtafuta Babu Yohana: Kutoka Muheza Hadi Barabara ya Ngong

Nimerudi nyumbani wiki ya tatu sasa. Daftari la safari limelowa pembeni, picha kwenye simu ni zaidi ya mia mbili, na kila nikikaa na ndugu naulizwa swali lile lile: ulimpataje? Nimekusanya vyote mezani nikaandika siku kwa siku, kwa ajili ya ukoo wetu na kwa yeyote mwenye babu aliyeondoka na vita asirudi. Jina letu la ukoo sitaliandika, kwa kuwa wajomba zangu wameomba hivyo.

Jumamosi 7 Septemba 2024, Muheza

Safari ilianzia barazani kwa Bibi, dada mdogo wa babu yangu mzaa baba. Ameshavuka miaka tisini. Macho yamepungua nuru, lakini kumbukumbu yake ni kali kuliko yangu. Katika watoto wa mama yao, yeye pekee ndiye aliyebaki, na kwa miaka mingi amekuwa akiuliza jambo moja: kaka Yohana amelazwa wapi?

Nyumbani sote tulikua tukiambiwa kwamba Babu Yohana alikwenda Bama akafia huko. Wazee wetu hawasemi Burma, Myanmar ya leo, wanasema Bama. Alikuwa keya, askari wa jeshi la Waingereza katika Vita ya Pili ya Dunia, basi, na hadithi ikaishia hapo.

Siku hiyo nilimwomba Bibi anieleze upya, taratibu, nami niandike. Akasema jumbe alikuja na majina ya vijana. "Ulikuwa ni mkonge au bunduki, mjukuu wangu. Kaka akasema mkonge ameuona tangu utotoni, bora aone bunduki." Watu wa Tanga wataelewa kauli hiyo. Japani ilipoziteka Ufilipino na Java mwaka 1942, Waingereza walikosa katani ya huko, na mashamba ya Tanganyika ndiyo yakategemewa kwa kamba za meli na jeshi. Vijana waliandikishwa kwa nguvu kwenda kukata mkonge, wengine wakachukuliwa jeshini. Kutoka Tanganyika pekee walihudumu jeshini takriban watu 87,000 katika vita ile.

Kisha Bibi akamtuma mtoto alete kopo la biskuti lililokuwa chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na rozari, risiti za kodi zilizofungwa kwa uzi, na nusu ya barua. Mchwa walikuwa wamekula upande wote wa kulia. Mistari iliyobaki ilianza kama barua zote za zamani: mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu ninyi mlio mbali na upeo wa macho yangu. Juu kabisa, penye anwani, palikuwa na namba iliyoliwa mwanzo, ikabaki tarakimu tatu za mwisho, 417, na chini yake herufi tatu: E.A.A.

Nilipiga picha ile karatasi mara sita.

Kabla hujapanda basi lolote, kaa na mzee wako, na umwombe akuoneshe karatasi zote, hata zile anazoziona hazina maana. Namba ya jeshi, risiti ya kodi, kadi ya kliniki, cheti cha ndoa. Majina hubadilika tahajia kila yanapopita mkononi mwa karani, lakini namba haibadiliki.

Jumapili 8 Septemba, Muheza hadi Dar es Salaam

Sisi ni Wabondei wa upande wa misheni. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walifika Magila katika karne ya kumi na tisa, na makanisa yaliyozaliwa na misheni ile yalizoea kuandika kila ubatizo. Baada ya ibada, katibu wa parokia yetu alinifungulia kabati. Daftari la ubatizo ni zito, jalada la ngozi limepasuka mgongoni, na kurasa zina safu: namba, tarehe, jina, jina la baba, wadhamini.

Tulimpata Yohana baada ya saa moja hivi. Jina la baba yake lilikuwepo, la kijiji pia. Pembeni, kwa penseli, padri fulani wa wakati ule alikuwa ameongeza maneno machache ya Kiingereza yenye maana ya "amefia baharini, Feb. 1944".

Katibu alinitazama. "Baharini? Si mlisema Bama?"

Nilisoma ile penseli tena na tena, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hadithi tuliyorithi huenda ina kosa. Saa nane mchana nilipanda basi la Dar, nauli 22,000. Njiani sina la kusimulia isipokuwa machungwa niliyomnunulia binamu yangu wa Ilala.

Jumatatu 9 Septemba, Dar es Salaam

Nyaraka za Taifa ziko Upanga, mtaa wa Vijibweni. Nilifika asubuhi na barua ya utambulisho isiyo na mhuri, kosa langu mwenyewe. Dada wa mapokezi akanieleza kwa upole kinachotakiwa. Nilipanda bodaboda hadi Ilala, binamu yangu akanipeleka kwa mtendaji, mhuri ukagongwa, nikarudi saa sita. Nusu siku ilipotea, na 9,000 za bodaboda pia.

Chumba cha kusomea kina utulivu wa msikitini. Kalamu ya wino hairuhusiwi, unatumia penseli tu. Nilinunua mbili dukani nje, shilingi 500, na moja ya penseli hizo ilikuja kufanya kazi ambayo siku ile sikuidhania.

Nilikwenda nikiamini sensa itanipa majina, na naandika hili ili asije mwingine akapoteza siku. Wenzetu wa Marekani au Uingereza hufungua sensa ya zamani wakaiona kaya nzima: baba, mama, watoto, umri, kazi. Kwetu sivyo. Hesabu za 1921 na 1931 zilitegemea sana makadirio ya wakuu wa maeneo. Sensa ya 1948 ndiyo ya kwanza kufanywa kwa pamoja Afrika Mashariki, ikafuata ya 1957, kisha ya 1967 baada ya uhuru. Unachokutana nacho ni majedwali: wilaya, kabila, wanaume, wanawake, watoto. Babu yako yumo, lakini kama moja ndani ya maelfu. Ukitafuta jina, geukia madaftari ya kodi, madaftari ya makanisa, kumbukumbu za ndoa za makadhi, na vitabu vya wilaya.

Vitabu vya wilaya ndivyo vilivyonifurahisha. Mabwana shauri wa Kiingereza walikuwa wakiandika humo habari za eneo, mila, mipaka na orodha za majumbe. Katika kurasa za mkoa wa Tanga nililikuta jina la jumbe yule yule aliyetajwa na Bibi barazani. Sikuwa nimelitarajia. Mkono ulinitetemeka kidogo, kwa sababu kama Bibi alikuwa sahihi kwa jumbe, alikuwa sahihi kwa mengine.

Jioni tulipita Mtaa wa Samora, nikasimama mbele ya sanamu ya Askari. Imesimama pale tangu 1927 kwa ajili ya askari na wapagazi wa vita ya kwanza. Ukitafuta mpagazi wa Kariakoo, yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza cha 1914 hadi 1918, jiandae kwa kazi ngumu zaidi ya yangu. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu na wengi wao hawakuandikwa jina popote. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hivyo katika ripoti yake ya 2021: watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina yao. Nimeandika hili kwa uchungu. Binamu yangu ana babu wa upande wa mama katika kundi hilo, na alinisikiliza akiwa kimya muda wote.

Jumanne 10 Septemba, Mlimani

Mwendokasi hadi Ubungo, kisha daladala hadi Chuo Kikuu. Katika maktaba kuna sehemu ya East Africana, na humo wamehifadhi magazeti ya zamani. Niliomba Mambo Leo, lile lililoanzishwa 1923 na Idara ya Elimu ya Tanganyika. Lilikuwa likitoka kila mwezi, likijaa habari za miji, barua za wasomaji na mashairi mengi.

Nilifunua 1943 na 1944 ukurasa kwa ukurasa. Kuna raha ya pekee kusoma Kiswahili cha wakati ule, salamu ndefu, watu wakijibizana kwa beti. Vita imo kila mahali. Lakini jina la Babu sikulikuta, wala katika kurasa nilizopitia siku ile sikuona habari ya meli yoyote iliyobeba vijana wetu. Saa saba nilikuwa nimechoka na macho yananiwasha.

Meza ya pili alikaa mzee mmoja, mwalimu mstaafu, anayefuatilia habari za shule aliyosoma. Aliniona nikiitazama ile picha ya barua, akaniuliza, "Mwanangu, unatafuta nini na uso huo?" Nikamsalimia shikamoo, nikamweleza. Alipoziona herufi E.A.A. akaweka miwani chini.

"Hawa ni wapiga mizinga. East African Artillery. Na kama ni baharini, Februari 1944, basi ni Khedive Ismail."

Sikuwahi kulisikia jina hilo. Akanieleza kwa sauti ya chini. Meli ilitoka Mombasa kwenda Colombo katika msafara wa meli tano zenye wanajeshi, zikilindwa na manowari. Tarehe 12 Februari 1944, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga topido mbili. Ilizama ndani ya dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297, miongoni mwao wanawake 77, wengi wao wauguzi. Waliookoka walikuwa zaidi kidogo ya 200. Kundi kubwa kabisa ndani ya meli lilikuwa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, watu 996.

Alikataa nimnunulie chakula. Aliomba tu nikimpata nimpigie simu.

Usiku niliingia kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi nikaandika jina la Babu. Hakuna. Nikaandika kwa tahajia nyingine tatu. Hakuna. Nililala vibaya.

Jumatano 11 na Alhamisi 12 Septemba, kurudi Tanga, kuvuka mpaka

Jumatano niliitumia kurudi Tanga tu. Alhamisi saa moja asubuhi nilipanda basi la Mombasa, nauli 25,000. Horohoro ilipita kwa urahisi, unagonga mhuri wa kutoka na wa kuingia mahali pamoja. Chukua pasi na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ingawa mimi kadi sikuulizwa. Badilisha hela kidogo tu pale, ya kukufikisha mjini. Siku ile shilingi moja ya Kenya ilikula karibu 21 za kwetu.

Baada ya Lunga Lunga basi lilikufa, mkanda wa injini umekatika. Tulikaa kando ya barabara kwa muda wa saa tatu na nusu. Jua la pale halina huruma, na chupa yangu ya maji ilikuwa imepasukia begini ikalowesha daftari. Mama mmoja wa Kidigo, nyumba yake iko hatua chache kutoka lami, alitoka na mkeka akautandika chini ya mwembe. "Njooni mkae, nyie ni wageni wetu." Alitukatia madafu, wanawake na watoto kwanza, na pesa akakataa katakata. Akaanika daftari langu ukurasa kwa ukurasa juu ya ungo, akiweka kokoto juu ya kila karatasi isipeperuke. Nilipomwambia namtafuta nani, akasema baba yake mdogo naye alikwenda na vita ile, akarudi bila kusema neno juu yake hadi kufa. Kila nikifungua daftari sasa, kurasa zilizojikunja zinanirudisha kwenye ule mkeka.

Tulifika Likoni jua likizama. Feri kwa waenda kwa miguu ni bure. Nilivuka nimesimama ukingoni, upepo unavuma, na meli za mizigo zimewasha taa upande wa Kilindini.

Ijumaa 13 Septemba, Mombasa

Nyumba ya wageni ilikuwa 1,500 za Kenya, safi, feni inafanya kazi. Asubuhi nilikula mahamri na mbaazi za nazi kwa 120, na sitasema zaidi kwa kuwa nitatamani kurudi leo.

Bandarini huingii bila kibali, lakini hakuna haja. Nenda ufukwe wa Mama Ngina, kaa chini ya mibuyu, utaona mlango mzima wa Kilindini, kila meli inayotoka inapita mbele yako. Mwanzoni mwa Februari 1944 ule msafara ulipita hapo hapo. Niliyatazama yale maji kwa saa nzima. Babu alikuwa na miaka 22. Nyumbani Muheza bahari iko karibu, hata hivyo Bibi anasema kaka yake hakuwahi kupanda hata ngalawa.

Pale ndipo nilipoelewa kwa nini tuliambiwa Bama. Meli ilikuwa ikienda Ceylon, Sri Lanka ya leo, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa ikijiandaa kwa vita vya Burma. Aliaga akisema anakwenda Bama. Aliyebaki nyumbani alishika neno la mwisho alilosikia, akalitunza miaka themanini.

Saa tisa alasiri nilipanda treni ya SGR kutoka Miritini, daraja la kawaida, 1,500. Nunua tiketi siku kadhaa kabla. Mimi nilipata kwa sababu ndugu wa mwenye nyumba ya wageni alininunulia kwa simu yake, nami nikamrudishia taslimu. Fika saa moja na nusu kabla ya treni kuondoka, kuna ukaguzi wa mizigo zaidi ya mara moja.

Mkabala nami alikaa kijana mwalimu wa historia anayerudi Machakos. Tulipofika Voi alikuwa ameshaisikia habari yote. Akasema, "Dada, usitafute jina. Jina waliliandika vile walivyosikia. Tafuta tarehe."

Neno hilo ndilo lililonifungulia mlango. Tovuti ile ina sehemu ya kutafuta kwa undani: unaacha jina wazi, unaweka tarehe ya kifo, unaweka kikosi, na unapata orodha ya wote waliokufa siku hiyo. Halafu unasoma kila jina kwa sauti, siyo kwa macho. J iwe Y, L iwe R, H idondoke, silabi mbili ziungane. Wengine wana jina moja tu bila la baba. Fanya hivyo mahali penye mtandao mzuri, kwa sababu treni ikiingia Tsavo mawimbi hukatika.

Tulifika Syokimau, stesheni ya SGR ya Nairobi, baada ya saa mbili usiku. Saa tano, kitandani, chumba cha River Road, nikaanza kusoma orodha. Ni ndefu mno. Nilisoma mamia ya majina, na baada ya muda nikajikuta nasoma polepole kwa heshima, maana kila mmoja alikuwa na mtu aliyemngoja. Saa saba kasoro nikafika kwa Johana. Jina la ukoo limepoteza H ya mwanzo na R imekuwa L. Ukilitamka kwa sauti, ni letu. Nikaangalia namba ya jeshi. Mwisho wake: 417.

Niliamsha simu ya binamu yangu Ilala nikalia bila kusema kitu. Akajua.

Jumamosi 14 Septemba, Nairobi, Barabara ya Ngong

Waliopotelea baharini hawana kaburi, kwa hiyo majina yao yamechongwa kwenye Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi. Tovuti hukuambia na safu ambayo jina limo. Iandike kabla hujatoka. Kutoka katikati ya jiji panda matatu ya 111, mwambie makanga akushushe War Cemetery. Nililipa 100. Kuingia hakuna ada.

Pametunzwa vizuri sana. Nyasi zimekatwa sawasawa, mawe yamepangwa kwa mistari, msitu uko jirani na ndege hawanyamazi. Niliifikia safu yangu saa sita mchana, na sikuweza kusoma kitu. Jua lilikuwa utosini, jiwe linang'aa, herufi zimezama ndani ya weupe. Nilipapasa kwa vidole kama kipofu. Nilianza kuogopa kwamba nimekosea.

Mtunza bustani mmoja alikuja akiwa na kofia mkononi. "Mama, saa hii hutasoma. Jua likiwa juu, jiwe halisemi. Ngoja saa tisa liingie kwa upande, utaona kila herufi na kivuli chake." Akaniletea kigoda na chai ya maziwa kutoka chupa yake, na nusu ya chapati. Tuliongea habari za mvua na mahindi. Alisema wageni wa Ulaya huja na maua mara kwa mara, Waafrika ni wachache, "na wakija, huja wakiwa hawajui kama wataona."

Saa tisa na robo jua liliteleza kando. Kwanza ilitokea J, nyembamba, kivuli chake upande wa kushoto. Halafu O. Halafu jina lote lilikaa mbele yangu, mstari mmoja, urefu wa kiganja changu na nusu.

Nilisema, "Shikamoo, Babu." Nikamwambia kwa Kibondei kwamba dada yake bado yupo.

Nilipotaka kupiga picha yule mzee akaniuliza kama nyumbani kuna asiyeona vizuri. Nikamwambia Bibi. "Basi usimpelekee simu. Una penseli?" Nilikuwa nayo, ile ya Upanga. Akanishikia karatasi juu ya jiwe kwa mikono miwili, nami nikapitisha penseli kwa ubavu, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia. Herufi zilibaki nyeupe na karatasi ikawa nyeusi pande zote. Karatasi ilikuwa kubwa kuliko mstari, ikachukua pia nusu ya jina lililo chini yake. Omba ruhusa kwa walinzi kabla ya kufanya hivyo, usikandamize, na tumia penseli laini.

Nilimpa mzee 500 mkononi wakati wa kuaga. Alizirudisha mfukoni mwangu akasema ninunulie Bibi sukari.

Jumatatu 16 Septemba, Moi Avenue

Jumapili nilikwenda kanisani, nikafua, nikalala. Jumatatu niliingia Nyaraka za Taifa za Kenya, kwenye jengo la iliyokuwa Bank of India. Nilitaka kuona kama Baraza, gazeti la Kiswahili lililoanza kutoka Nairobi mwaka 1939, lina tangazo lolote la kikosi chake. Siku moja haikutosha. Atakayekwenda atenge siku nne angalau, na kama ana uwezo wa kufika London au jamaa aliyeko huko, kumbukumbu za vikosi vya jeshi la Uingereza ziko Kew.

Alhamisi 19 Septemba, Muheza

Kurudi nilipitia Namanga, nikalala Arusha, nikashuka Muheza Jumatano usiku miguu imevimba. Ukijumlisha nauli, malazi na chakula, nilitumia karibu laki sita na nusu.

Asubuhi tuliketi barazani pale pale. Wajomba walikuja, na katibu wa parokia. Nilimweleza Bibi yote: bahari, dakika mbili, kikosi chake cha watu 996. Hakulia. Aliuliza kama maji ya huko ni ya baridi. Nikamwambia ni bahari ile ile ya kwetu, Bibi, ya joto. Akatikisa kichwa kukubali.

Nikamtandikia ile karatasi mapajani. Akaisogeza karibu na uso, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, nami nikawa naisoma kila kidole kinapofika. Aliposikia H haipo alisema, "Walimkosea, lakini ni yeye." Alirudia mara mbili. Kisha kidole kikateremka kwenye ule mstari wa chini uliokatika nusu.

"Na huyu aliyelala karibu na kaka yangu ni nani?"

Nikamwambia penseli haikumfikia mwisho wake, sikumwangalia.

"Mwangalie," akasema. "Huenda na kwao wanaambiwa Bama."

Mjomba akaniletea chaja. Nikafungua orodha, nikaweka tarehe, nikaanza kumtafuta.